Nani Anasimulia? Majalada ya Mjerumani na Somo la Maji Maji

Siku hizi mwalimu wa historia hahitaji nauli ya kwenda Berlin. Majalada ya iliyokuwa Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani, yanayotunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya serikali ya huko chini ya alama R 1001, yamepigwa picha na kuwekwa katika mtandao. Mwenye kompyuta na umeme anayafungua bure. Humo zimo habari za Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wenzetu wa Historia wamefurahi, na sioni kwa nini wasifurahi. Ila naomba niseme neno kama mtu wa fasihi, maana jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Suala la lugha nalipita haraka: ni Kijerumani, tena kurasa nyingine zimeandikwa kwa hati ya mkono ya zamani ambayo Wajerumani wengi wa leo hawaisomi. Itabidi tafsiri. Linalonisumbua mimi ni namna ya kusoma. Mwanafunzi akiambiwa huu ni "ushahidi wa awali", basi, anaupigia magoti. Ati umeandikwa mwaka uleule, una mhuri, kwa hiyo ndio ukweli wenyewe! Hivi riwaya tunaisoma hivyo? Si tunauliza kwanza nani msimulizi, anamsimulia nani, na anataka aaminiwe nini?

Msimulizi wetu hapa ni Gavana von Götzen na maofisa wake, na msikilizaji ni wakubwa wao Berlin. Watu wa Matumbi waling'oa pamba mwezi Julai 1905, pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Gavana aliyeisimamia siasa hiyo ya pamba angeandika nini juu ya chanzo cha vita? Katika kitabu chake cha 1909 aliviita vita hivyo "uasi" tangu jaladani, na waganga wakabebeshwa mzigo mkubwa wa lawama. Neno "uasi" limekwisha kutoa hukumu kabla shahidi hajafungua kinywa. Hata hesabu ya wafu ina msimulizi wake: Wajerumani walikadiria 75,000, mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikia 250,000 hadi 300,000. Wengi waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, na aliyekufa kwa njaa kichakani hana ripoti ya mapigano.

Hapa ndipo namkumbuka Ebrahim Hussein. Katika Kinjeketile (1969), shujaa akiwa kifungoni anatakiwa aseme kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa. Tumezoea kulijadili tukio hili kama suala la imani au ushujaa. Nionavyo mimi, ni tukio juu ya kutengeneza nyaraka. Mzee yule anajua kwamba neno lake likishatoka, Mjerumani ndiye atakayelisimulia kesho, na watakaosimuliwa ni watoto wetu. Anawanyima maungamo yao. Sijui darasa gani la historia lingemfundisha mwanafunzi jambo hilo kwa ufupi kiasi kile.

Atasema mtu: tamthilia si ushahidi. Kweli, si ushahidi wa mambo ya 1905. Hussein mwenyewe alitahadharisha kuwa Kinjeketile wake si yule Kinjikitile wa Ngarambe aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Sitaki ichukue nafasi ya jalada. Nataka isomwe kabla ya jalada. Halafu yasomwe masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu hapo Dar es Salaam mwaka 1968, nayo bila kupigiwa magoti. Mzee anayesimulia baada ya miaka sitini na ushei, nchi imeshapata uhuru, naye ana hadhira yake. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapwa 1957, nao ni sauti ya mtu wa pwani. Kiswahili chake hakimfanyi kuwa msemaji wa Wamatumbi au Wangoni.

Kwa somo la kwanza zinatosha kurasa mbili tatu za ripoti ya Kijerumani. Tafsiri iwekwe upande wa kushoto. Upande wa kulia uachwe mtupu, mwanafunzi aandike kwa mkono wake majina au kazi za watu ambao ofisa hakuwauliza kitu.