Ngonjera: ufundi wa kulitoa shairi uwanjani

Anayetaka kughani shairi sokoni Kihesa, mjini Iringa, hushindana na honi za bodaboda, spika za wauza dawa na wateja wenye haraka. Ukumbini msikilizaji ameketi, sokoni anapita. Dawa ya tatizo hili ilishapatikana zamani, na aliyeipata alitoka Dodoma, inakoelekea barabara ipitayo Kihesa.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waifikishe siasa ya Ujamaa kwa wananchi. Mathias Mnyampala, kiongozi wa UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili, aliitika kwa ngonjera. Alifariki 1969, vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vikatoka 1970 na 1971, na muda si mrefu shule za msingi zikawa zinazitoa mbele ya wageni rasmi.

Alifanyaje? Malumbano ya washairi yalikuwepo tayari, ila yalikwenda toleo kwa toleo magazetini. Mnyampala aliwasimamisha wabishani ana kwa ana: huyu haelewi, yule anaelewa, kila mmoja na beti zake. Anayepita akisikia mabishano husimama, maana ugomvi hauhitaji tangazo.

Arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, aliiacha kama ilivyo, nayo ikafanya kazi ya kipaza sauti. Tazama mshororo huu niliotunga kwa mfano: "Bei imepanda juu, mkulima afanyeje." Una mizani 16, nane kwa nane. Katikati mghani anavuta pumzi, na pumzi hiyo ndiyo inayomwezesha kupaza sauti hadi safu ya nyuma bila kukauka koo. Kina kinamtahadharisha msikilizaji kwamba kipande kimefika mwisho. Hata upepo ukimeza neno moja, sikio hulikisia. Kibwagizo huitikiwa na kundi zima, hivyo aliyechelewa kufika anakipata kiini cha hoja katika ubeti unaofuata.

Udhaifu wa ngonjera uko kwenye mwisho wake. Asiyeelewa lazima ashindwe, akubali, kisha wote waimbe kwa sauti moja. Umati unaugundua mwisho huo mapema, nao hauna nafasi ya kusema neno. Uwanja ulikuwa wa watu wote, hoja ikabaki ya wachache.

Mkabala tofauti ulijaribiwa Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kwa kuwauliza wanakijiji matatizo yao. Mimba za wanafunzi zikajitokeza. Mchezo ukajengwa kwa ngoma za hapohapo, na ulipokwisha mjadala ukaendelea. Hapo mtazamaji alikuwa na zamu yake.

Kwa hiyo, vijana wa Kihesa wanaotaka kuleta ushairi wa majaribio sokoni wasiharakishe kuitupa arudhi kwa kuiona ya kizee. Shairi huru lenye mishororo mirefu isiyo na kituo linasomeka vizuri kitabuni, ila penye kelele linapotea. Wachukue pumzi ya mizani nane, wabishani wawili na kibwagizo. Ubeti wa suluhu ndio wa kufuta: wabishani wanyamaze hoja ikiwa bado mbichi, kisha wamgeukie muuza nyanya wamuulize yeye anasemaje.