Kipaza Sauti Kipi?

Katika kurasa hizi tunapenda kuhakiki istilahi moja, nayo ni *kipaza sauti*. Imetupasa kufanya hivyo baada ya kupitia maelezo yaliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wanaofunga redio mpya katika magari makuukuu. Kwa jumla lugha yake ni safi. Lakini ukurasa mmoja wamwagiza msomaji aunganishe vipaza sauti vya milangoni, na ukurasa wa pili wamwonya kwamba kipaza sauti kisiwekwe mlangoni, maana kelele za barabara zitakiharibia kazi. Fundi kijana tuliyemwonyesha aliyasoma mara mbili, kisha akatuuliza kwa adabu: "Sasa mzee, nikifunge au nikifungue?"

Vyombo ni viwili. Cha kwanza hutoa sauti ya redio. Cha pili, kidogo kama punje ya haragwe, hunasa sauti ya dereva anapozungumza kwa simu. Jina ndilo moja. Tangu zamani kipaza sauti ni kile anachoshika mhutubu jukwaani, na pia ni lile bomba lililofungwa juu ya mnazi likirusha sauti yake uwanjani.

Tukilichambua neno lenyewe, kupaza ni kupandisha juu. Kinachopandisha sauti si chombo hiki wala kile, bali ni amplifaya, ambayo huongeza nguvu ya umeme uliobeba sauti. Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme; spika hugeuza umeme kuwa sauti. Basi jina tumewapa wageni wawili, na mwenye nyumba tumemwacha nje.

Athari yake huonekana zaidi katika matengenezo. Mlango wa gari hupitisha maji ya mvua kwa ndani: hushuka kando ya kioo na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango ikichanika, maji huifikia spika. Karatasi yake hulainika, na sponji ya ukingoni, ambayo hata kwa uzee tu huoza, humeguka vipande. Hapo mafundi husema spika *inakoroma*. Ikinyamaza kabisa husema *imekufa*, ingawa pengine si yenyewe iliyokufa, bali waya umekatika bawabani, unapokunjwa kila mlango ufunguliwapo. Spika ya omu 4, ikifunguliwa nyaya zake na kupimwa kwa mita, kwa kawaida huonyesha ukinzani wa omu 3 na kitu. Umeme usipopita kabisa, koili imekatika. Ikionekana nzima, yafaa waya utazamwe kabla ya kununua spika nyingine.

Maelezo tuliyoyasoma yameyafunika yote haya kwa maneno *hitilafu ya usikikaji*. Ni maneno ya ofisini. Anayekoroma na aliyekufa hawatibiwi kwa dawa moja, na fundi alikwisha kuwatenga kabla mfasiri hajashika kalamu.

Wako wanaoona kwamba tukiikubali *spika* tutamvunjia heshima Spika wa Bunge. Hofu hii sarufi yenyewe yaiondoa. Spika *ameahirisha* kikao, spika *imeungua*. Katika wingi, Maspika *wamekutana*, spika *zimeungua*. Hatujapata kumsikia mtu akichanganya, hata gerejini penye mzaha mwingi.

Kuhusu karatasi ile inayotikisika, mfasiri ametumia *koni*. Neno hilo lataja umbo tu, na zipo spika zenye uso bapa. Kiswahili kina *kiwambo*, kutokana na kuwamba ngozi ya ngoma, na tayari twasema kiwambo cha sikio. Sikio na spika hufanya kazi moja kwa kuelekea pande mbili. Hapa neno la kale limekaa mahali pake bila kulazimishwa.

Kwa hiyo twapendekeza *maikrofoni*, *amplifaya*, *spika* na *kiwambo* katika maandishi ya ufundi, na *kukoroma* liingizwe pamoja nayo bila haya. *Kipaza sauti* kibakie mikutanoni, ambako anayekiomba hukinyoshea kidole. Wasomaji walio karibu na gereji, hasa wa Mombasa, Zanzibar na Lubumbashi, watuandikie majina yanayotumiwa huko kabla orodha haijapelekwa kusanifiwa.