Mpiga Picha wa Kijijini

Uvumbuzi wa Louis Daguerre wa kupiga picha ulipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, aliyepigwa picha alilazimika kutulia kwa dakika kadhaa. Leo mpiga picha wa kijiji cha Busawe humnasa mtoto anayerukaruka kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde.

Si kazi rahisi. Jua la mchana huficha macho ya mteja kivulini na kuunguza weupe wa shati la shule. Kwa hiyo humsogeza chini ya mti, hufungua tundu la lenzi hadi f/4, hupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 400, kisha hupima mwanga usoni, kamwe si kwenye shati. Nyuma hutundika shuka na kulinyoosha mikunjo kwa subira.

Fomu za shule, za mkopo na za kazi husubiri picha zake ndogo.