Uhakiki wa Istilahi: "Kazi ya Mbali" ni Ipi?

Tumeletewa rasimu ya mwongozo wa chuo kikuu kimoja nchini kuhusu wanataaluma na watumishi waendeshaji watakaoruhusiwa kutimiza wajibu wao bila ya kufika chuoni kila siku. Haja ya mwongozo wa namna hiyo ilidhihirika vyuo vilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Juni 1 mwaka huo, na nia ya waandishi wake ni njema. Lakini dhana hiyo moja imepewa majina matatu katika kurasa chache: "kazi ya mbali", "kazi ya nyumbani" na "kazi mtandao". Mtumishi anayesoma ili ajue haki yake hawezi kutambua kama anaelezwa jambo moja au mambo matatu.

Tuanze na "kazi ya mbali", maana ndiyo mbovu kuliko zote. Hii ni tafsiri sisisi. Mbali na nani? Sisi tunaokaa Kerege, ambao alfajiri hupanda gari kupitia Mapinga, Bunju na Tegeta kwenda Dar es Salaam, tunajua kwamba kazi ya mbali ndiyo hiyo tuiendeayo. Mvuvi wa mwambao huu aondokaye kwake kwenda dago, naye amekwenda kazi ya mbali. Mhadhiri aliyejenga Kerege, akibaki barazani kwake kusahihisha tasnifu, kazi yake i karibu kuliko ya jirani zake wote. Istilahi imeelekeza maana kinyumenyume. Tena pale rasimu ilipojaribu kujiokoa kwa kuandika "kufanya kazi kwa mbali", imezidi kuharibu: mvua inayonyesha kwa mbali ni manyunyu, na maumivu ya kwa mbali hayamzuii mtu kulima. Mkuu wa idara akisoma kwamba mhadhiri wake anafanya kazi kwa mbali, ana haki ya kumwita ajieleze!

"Kufanyia kazi nyumbani", kama kitenzi, hakuna kosa. Kauli ya kutendea hapa huonyesha mahali, kama tusemavyo chumba cha kulia. Serikali ilipowataka watumishi wa umma wafanyie kazi nyumbani Oktoba 30, 2025, isipokuwa wale ambao majukumu yao yaliwalazimu kuwapo vituoni, maneno hayo hayakuhitaji mfasiri. Taabu huanza tunapotaka nomino. Kazi ya nyumbani ni zoezi apewalo mwanafunzi, na mfanyakazi wa nyumbani ni mtu mwenye ajira nyingine kabisa, ambaye hatungependa kumnyang'anya jina lake ili tumpe profesa.

"Kazi mtandao" imefuata mfano wa "serikali mtandao", na kwa umbo inapendeza. Ila inataja chombo, haitaji mahali. Mtumishi aliye ofisini Mlimani naye hushinda mtandaoni. Isitoshe, katika siku zile zile za mwisho wa Oktoba 2025 huduma ya intaneti ilikosekana nchini. Watumishi walikuwa nyumbani na mtandao haukuwapo. Kazi yao ingeitwaje?

Mmarekani Jack Nilles alipoipa dhana hii jina mwaka 1973, alitazama safari ya kwenda na kurudi kazini na namna mawasiliano yanavyoweza kushika nafasi yake. Kiini chake basi ni kituo ambacho mtu hakulazimika kukiendea. Nasi neno tunalo: kituo cha kazi limekwisha kuzoeleka katika barua za uajiri na za uhamisho. Kwa hiyo tunapendekeza "kazi nje ya kituo".

Pingamizi lipo, nalo ni zito. Katika utumishi wa umma, atumwaye nje ya kituo hulipwa posho ya kujikimu. Mhasibu wa chuo ataingiwa na hofu, na huenda mtumishi mwerevu wa huku kwetu akapeleka madai. Hata hivyo tunaona heri ubishi huo kuliko ule utakaozaliwa na "kazi ya nyumbani". Umeme wa nyumbani na vifurushi vya intaneti, kwa jina hilo, vitahesabiwa kuwa mambo ya mtu na nyumba yake. Na mtumishi akiumia, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu madhara yatokanayo na kazi. Jina linaloitia kazi nyumbani litampa mbishani hoja ya kwanza kwamba marehemu au majeruhi alikuwa akipumzika kwake. "Nje ya kituo" humbakiza mwajiri katika habari, kwa kuwa kituo ni chake.

Suala la posho limalizwe katika fasili. Ibara ya tafsiri ya maneno katika rasimu ingali tupu, nasi tumeirudisha kwa waandishi tukiomba isomeke hivi: "Kazi nje ya kituo maana yake ni kazi iliyomo katika mkataba wa mwajiriwa, anayoitekeleza kwa idhini ya mwajiri mahali pasipo kituo chake cha kazi, bila ya kutumwa safari."