Mikono na Miguu ya Rubani wa Mezani

Vifaa vya kuongozea ndege kwenye kompyuta huchaguliwa kwa kutazama ndege inayopendwa na uwanja inakorukia; bei huja baadaye. Usa River ni mahali pazuri pa kulitafakari jambo hili. Mji huu uko kando ya barabara ya Arusha na Moshi: upande wa magharibi kuna uwanja wa Kisongo, zinakoondokea Cessna Caravan za watalii waendao Seronera, na upande wa mashariki kuna uwanja wa Kilimanjaro (KIA), panapotua ndege kubwa za safari ndefu.

Ndege hizo hazishikwi kwa namna moja. Caravan huongozwa kwa usukani, na Boeing 787 ya Air Tanzania vilevile. Airbus A220 ya shirika hilohilo ina fimbo fupi pembeni mwa kiti, na rubani mkuu huishika kwa mkono wa kushoto. Kwa anayeanza, fimbo ya mezani ndiyo chaguo la busara: haichukui nafasi, na nyingi huzungushwa kwenye shina ili kufanya kazi ya pedali.

Kinachofuata si usukani, ingawa wengi huukimbilia kwa sababu unapendeza machoni. Ni pedali. Ndege yenye pangaboi moja puani, injini ikipewa nguvu zote, huvutwa kushoto, na mguu wa kulia ndio unaoirudisha katikati ya njia. Upepo wa ubavu unapokuja wakati wa kutua, miguu huinyoosha pua huku mkono ukiinamisha bawa kuelekea upepo unakotoka. Kazi hizo mbili, kila moja ikienda upande wake kwa wakati mmoja, ndizo uzuri wenyewe wa urubani, na kiganja kimoja hakiwezi kuzibeba zote vizuri.

Baada ya pedali, nyenzo za injini. Hapa mwinuko wa Arusha una la kusema. Kisongo iko takriban futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, na KIA takriban futi 2,930. Mwongozo wa Cessna 172 unaagiza kwamba kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, mchanganyiko wa mafuta na hewa upunguzwe mafuta kabla ya kuruka, kwa kuwa hewa ni nyepesi. KIA inakaribia mpaka huo bila kuuvuka. Kisongo imeuvuka kwa mbali. Kwa hiyo wenzo mmoja wa nguvu hautoshi: unahitajika na wa mchanganyiko. Caravan, kwa injini yake ya tabini, inataka wenzo wa nguvu, wa pangaboi na wa mafuta.

Ubora wa kifaa umefichika ndani yake. Vifaa vya bei nafuu hupima mwendo kwa kipande kinachosuguana na kingine. Vumbi likiingia, ndege hutikisika huku mkono umetulia. Vilivyo bora hutumia sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, na humo hakuna kinachogusana wala kulika. Penye vumbi la kiangazi, heri fimbo ya kawaida yenye sumaku kuliko usukani wa fahari usio nayo. Usukani nao ujaribiwe katikati kabisa, kwa kuusogeza kidogo mno. Ukikwama kisha ukaruka ghafla, utaharibu kila jaribio la kutua, maana rubani anapokaribia ardhi husahihisha kwa vipimo vidogo sana.

Kifaa kikishanunuliwa, hurekebishwa kwenye programu. X-Plane na FlightGear, ambayo hutolewa bure, huruhusu kupunguza ukali karibu na katikati na kuuacha mwingi pembeni. Eneo lisiloitikia liwe dogo iwezekanavyo. Likizidi, mkono husukuma bila jibu, kisha husukuma kupita kiasi.

Mwisho ni kuvifunga. Usukani hukazwa kwenye meza nzito. Pedali huzuiwa kwa ubao au kufungwa na kiti kwa mkanda, na kiti chenye magurudumu huvuliwa magurudumu, kwa sababu kila breki ikikanyagwa humrudisha rubani nyuma, mbali na vifaa vyake.