Heri bila hiari: Kijana aliyefanywa mwema kwa sindano

WIKI mbili zilizopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alinikata kauli mbele ya wenzake. Tulikuwa tukijadili riwaya za distopia, yaani zile zinazosawiri jamii ya kubuni ambamo dola imemkaba raia hadi kwenye fikra zake. Nilikuwa nimeshawapitisha kwa Zamyatin, Huxley na Orwell, kisha nikatua kwenye A Clockwork Orange, riwaya ya Mwingereza Anthony Burgess iliyochapishwa mwaka wa 1962. Nikawauliza: je, ni haki serikali kumtia mhalifu dawa hadi asiweze tena kutenda uovu? Nilitarajia waseme hapana, maana hilo ndilo jibu la darasani. Binti huyu akainua mkono. “Mwalimu, kaka yangu alidungwa kisu stejini kwa sababu ya simu ya elfu nane. Hiyo fomu ya matibabu ningewasainia mimi mwenyewe.”

Darasa likawa kimya. Nami nikababaika, nikasema tutalirudia swali hilo siku nyingine. Basi leo nalirudia hapa, ambako angalau hakuna wa kunikatiza.

Kwa ambao hawajaisoma riwaya hii, msimulizi wake ni Alex, mvulana wa miaka 15 anayezurura usiku na wenzake watatu wakipiga watu, wakipora na kubaka. Tena anayafanya hayo kwa raha zake. Burgess hampi kisingizio cha umaskini: ana wazazi wanaofanya kazi, ana chumba chake, ana santuri za Mozart na Beethoven. Mwishowe anamuua mwanamke mzee, wenzake wanamsaliti, anahukumiwa kifungo cha miaka 14. Akiwa ametumikia miaka miwili, anasikia fununu za tiba mpya iitwayo Ludovico inayomtoa mtu jela baada ya wiki mbili tu. Anachomwa sindano, anafungwa kitini, kope zinabanwa zisifumbe, kisha anaonyeshwa filamu za ukatili siku baada ya siku huku dawa ikimtia kichefuchefu. Polepole mwili unajifunza. Kila akiwaza kumpiga mtu, tumbo linamchafuka. Hata Beethoven, ambaye muziki wake ulitumiwa katika filamu mojawapo, sasa hamsikilizi bila kuugua. Serikali inamwonyesha jukwaani: mtu anamtukana na kumpiga, naye Alex analamba kiatu cha mtu huyo ili kichefuchefu kimwachilie. Wakubwa wanapiga makofi.

Kasisi wa gereza peke yake, tena mtu wa ulevi, ndiye anayeuliza kama huyu amekuwa mwema ama amekoma tu kuchagua.

Jina lenyewe la riwaya ni mtihani kwa mfasiri. Mimi nisingesema “chungwa la mashine”. Wazee wetu walikuwa na zile saa za kutiwa ufunguo. Usipoipa ufunguo usiku, asubuhi unaikuta imelala. Ningesema Chungwa la Kutiwa Ufunguo. Nje lina ganda, rangi na harufu ya chungwa, ndani ni springi na magurudumu ya meno, na ufunguo uko mkononi mwa mwingine. Burgess aliwahi kufundisha Malaya katika miaka ya 1950, na alijua vizuri kwamba katika Kimalei neno orang maana yake ni mtu.

Mtihani mkubwa zaidi ni kuipatia jina dhana inayobishaniwa humo, yaani uwezo wa binadamu kuamua mwenyewe atende lipi. Wapo wanaosema “utashi huru”. Utashi limetokana na kitenzi taka, kama vile upishi lilivyotokana na pika. Lakini kutaka si kuchagua. Baada ya tiba Alex bado anataka kupiga watu, na utashi anao tele. Asichonacho ni hiari. Na neno hili hiari, ambalo tumelizoea mno hata hatulitazami, limetoka kwenye Kiarabu, ikhtiyar, kuchagua. Mzizi wake ndio huo huo uliotupa kheri, au heri kama tuandikavyo siku hizi. Kuchagua, katika mzizi huo, ni kuteua lililo bora. Kwa hivyo heri na hiari ni ndugu wa tumbo moja, na kosa la serikali ya Burgess ni kudhani inaweza kumpa mtu heri huku ikimnyang'anya hiari. Najua, etimolojia si hoja. Asili ya neno haimlazimishi mzungumzaji wa leo kufikiri hivi au vile. Lakini ukisoma riwaya hii ukiwa na maneno hayo mawili mkononi, utaona kasisi anahangaika kulisema kwa kurasa kadhaa jambo ambalo Kiswahili kimelifunga kwenye herufi chache.

Na kuna methali: hiari yashinda utumwa. Tumezoea kuitumia kwa mtu afanyaye kazi kwa kupenda kumshinda anayeswagwa. Mtazame basi mtumwa kisarufi: ni aliyetumwa. Mwili wa Alex unatumwa kulamba kiatu, na unakwenda.

Hapo ndipo ile fomu ya binti inapoingia, kwa sababu Alex alitia sahihi. Hakuna aliyemwelekezea bunduki. Alitaka kutoka jela, akapewa karatasi, akaiweka sahihi bila kuuliza maswali mengi. Sote tunaifahamu ile ibara ya maelezo ya polisi na mikataba, “kwa hiari yangu mwenyewe bila kushurutishwa”. Na mtaani mtu akikwambia “hiari yako” kwa sauti fulani, unajua kabisa kwamba unatishwa. Burgess hakuwa akiota ndoto za mbali. Miaka kumi kabla ya riwaya kutoka, mnamo 1952, mahakama ya Uingereza ilimtia hatiani Alan Turing, mwanahisabati aliyesaidia kufumbua siri za mawasiliano ya Wajerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa kosa la kushiriki mapenzi na mwanamume mwenzake. Akapewa achague: jela, au matibabu ya homoni ya kuua ashiki. Akachagua matibabu. Alifariki 1954. Sisemi Turing ndiye Alex. Mmoja hakumdhuru mtu, mwingine aliua. Nasema karatasi waliyowekewa mezani inafanana, na katika hali zote mbili aliyeiandaa alipata kusema kwamba mhusika alikubali mwenyewe.

Ukimlinganisha Burgess na Orwell unaona jambo jingine. Katika 1984, iliyochapishwa 1949, chama tawala kinapunguza msamiati mwaka hadi mwaka ili wazo la uasi likose neno la kulibebea. Burgess anageuza kibao. Vijana wake wana lugha yao, Nadsat, jina lililotokana na kiishio cha Kirusi kinachounda tarakimu za kumi na moja hadi kumi na tisa. Rafiki ni droog. Kitu kizuri ni horrorshow, ambalo ni neno la Kirusi khorosho lililovishwa suti ya Kiingereza hadi likasomeka kama onyesho la kutisha! Msomaji wa Nairobi hawezi kukosa kuikumbuka Sheng. Na serikali inaifanyaje lugha hii? Haiifanyi lolote. Madaktari wanaisikiliza kama kioja, wanaielezea asili yake kwa sentensi moja, wanaendelea na sindano. Orwell alihofu kwamba ukipokonywa neno utapokonywa wazo. Katika riwaya hii mtu anaachiwa maneno yake yote na bado anapokonywa tendo. Kwa maoni yangu hofu ya Burgess imezeeka vizuri kuliko ya Orwell, ingawa Orwell ndiye tunayemnukuu kila siku. Halafu Burgess, kwa utundu wake, anatufanyia sisi wasomaji kilekile: hatafsiri, lakini kufikia sura ya tatu tayari unaielewa Nadsat bila kamusi. Umefundishwa pasi na kuombwa idhini. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba hilo lilikuwa kusudi lake.

Tunayo distopia yetu pia. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi, ambaye serikali ya Kenya ilimweka kizuizini mnamo 1986, anamfanya Dzombo ahukumiwe kifo kwa kutiwa ndani ya chombo cha angani. Dzombo anajifunza kukiendesha chombo na kuokoka. Dola ile inataka mwili ufe, wala haishughuliki na anachokitaka moyoni, na ndiyo maana anapata upenyo. Alex hana upenyo. Kwake ni usukani uliong'olewa.

Sasa nimrudie binti. Nilipoisoma riwaya upya kwa ajili ya safu hii, nilimwona kila mahali. Mke wa mwandishi anayebakwa mbele ya mumewe, kisha akafa, hatumsikii ila mayowe. Wasichana wadogo wawili wanaodanganywa kwa muziki na kunyweshwa pombe wanatoweka kwenye sura hiyo hiyo. Hiari zao zilichukuliwa bila fomu, na kasisi hana hotuba kwa ajili yao. Kitabu kizima kinatetea hiari ya mtu mmoja, tena kwa sauti yake mwenyewe, sauti tamu yenye mzaha, hadi unajikuta unamhurumia. Huu ni upungufu, na sitaupaka rangi. Nitaongeza tu kwamba Burgess hakuandika haya akiwa amekaa mbali na maumivu. Alisimulia kwamba mke wake wa kwanza alishambuliwa na wanajeshi wa Marekani jijini London wakati wa vita. Angeweza kumtetea mwizi wa mkate. Alimchagua makusudi mtu asiyeteteleka.

Lakini kuna ukurasa mmoja ambao binti hakuwa amefikia. Waziri wa mambo ya ndani anapozuru gereza, anaeleza kwa nini wahalifu wa kawaida wanapaswa kutibiwa upesi: nafasi za magereza zitahitajika karibuni kwa wafungwa wa kisiasa. Anasema hivyo kwa kupita tu, kama mtu anayezungumzia uhaba wa viti. Seli ya aliyemdunga kaka haibaki tupu. Na Alex akitoka, anakutana na polisi wawili wanaompiga hadi karibu afe. Mmoja ni mwenzake wa zamani, mwingine hasimu wake wa genge jingine. Serikali imewaajiri. Hawa hawakutibiwa, ukatili wao una kazi. Wapinzani wa serikali nao hawana nafuu. Wanamfungia Alex chumbani na kumpigia muziki hadi anajirusha dirishani, wapate shahidi wa kuwaonyesha wapiga kura. Akinusurika, serikali hiyo hiyo inamwondolea tiba na kupiga naye picha hospitalini. Kaka za watu, wake za watu, hakuna aliyewakumbuka katika hesabu hiyo yote.

Je, mwisho? Inategemea umeshika nakala gani. Burgess aliandika sura 21, idadi aliyoiteua kwa kuwa 21 ulikuwa umri wa utu uzima. Mchapishaji wa Marekani akaiondoa ya mwisho, na hadi 1986 Wamarekani walisoma kitabu cha sura 20 kinachoishia Alex akirudia uovu wake. Filamu ya Stanley Kubrick ya 1971 ilifuata toleo hilo. Katika sura ya 21 Alex ana miaka 18, anakutana na rafiki wa zamani aliyeoa, anaanza kuchoshwa na vurugu na kutamani mtoto. Wengi huitetea sura hii kwa hoja kwamba ndipo anapochagua wema kwa hiari yake. Mimi sina hakika. Kwanza hajuti, uovu unamtoka kama mafua. Pili, humo ndimo anamofananisha ujana na vile vichezeo vya bati vya kutiwa ufunguo, vinavyokwenda moja kwa moja na kugonga kila kilicho mbele yavyo bila kuweza kujizuia. Tena anasema mwanawe naye atakuwa vivyo hivyo, wala hataweza kumzuia. Ala! Kumbe chungwa lilikuwa na springi tangu mwanzo? Ikiwa ujana wenyewe ni ufunguo, basi madaktari hawakumnyang'anya Alex hiari. Walibadilisha tu fundi. Sijui kama Burgess aliliona shimo hilo. Nashuku aliliona, akaliacha.

Nilimwazima binti nakala yenye sura zote 21. Alhamisi akanirudishia. Penye vile vichezeo amepiga mstari kwa penseli na kuandika pembeni: “Na huyo mtoto atamuumiza nani?” Nikamuuliza kama bado angesaini fomu ile. Akafikiri. “Ningesaini, Mwalimu. Ila si mbele ya yule waziri.” Nikamuuliza basi mbele ya nani. Hakunijibu, akaniambia kaka yake ameanza kukunja vidole vya mkono wa kulia, na kwamba aliyemdunga hajakamatwa.