Picha za Tshibumba na Wino Mwekundu wa Mwalimu

Walimu wenzangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeingia katika kozi ya utangulizi ya anthropolojia, au ya sanaa, aghalabu huonyeshwa kwanza kinyago. Chini ya kinyago hicho pameandikwa jina la kabila na la mahali kilipotoka. Jina la mchongaji halipo, wala maneno yake hayapo. Hivyo mwanafunzi huanza kwa kujifunza kutazama pasipo kusikiliza. Kwa sababu hiyo napenda kukijadili hapa kitabu ambacho kingefaa kusomwa katika majuma ya kwanza ya kozi kama hizo, nacho kinatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko tudhanivyo.

Kitabu chenyewe ni Remembering the Present cha Johannes Fabian, kilichotolewa mwaka 1996. Fabian ni mwanaanthropolojia aliyefundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi hiyo ilipoitwa Zaire. Huko alikutana na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuwauzia watu picha zake. Katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea picha zipatazo mia moja zinazosimulia historia ya nchi yake, tangu zama za mababu hadi utawala wa Mobutu. Aliieleza kila picha, na maelezo yake yakanaswa katika kanda. Lugha waliyozungumza ilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi.

Hebu tuitazame picha moja. Patrice Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, wamelala chini wamekufa, na nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Mhakiki angeweza kujisifu kwa kugundua maana ya misalaba hiyo. Lakini hakuna cha kugundua, kwani mchoraji mwenyewe alieleza kwamba alikiona kifo cha Lumumba kuwa mfano wa kifo cha Yesu. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Picha zake ni hoja, naye yu tayari kuitetea hoja yake. Hilo ndilo fundisho ambalo kinyago kisicho na jina hakiwezi kumpa mwanafunzi.

Kuna na neno moja ambalo halina budi kutusimamisha, nalo ni ukumbusho. Fabian na Ilona Szombati-Fabian walikwisha kuonyesha mwaka 1976 kwamba wachoraji na wanunuzi wa Katanga walikuwa na kipimo chao cha picha. Picha iliyotundikwa sebuleni haikutakiwa kupendeza tu. Ilipaswa kukumbusha, kuamsha mazungumzo, na kumfanya mtu asimulie yaliyompata yeye au wazee wake. Hii ni nadharia ya sanaa, na imetungwa kwa Kiswahili na watu wa migodini na mitaani. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kuifundisha?

Sifa kubwa ya kitabu ni unyofu wake. Fabian hajifichi. Maswali yake yamo, na tunajua kwamba yeye alikuwa mnunuzi na mchoraji alihitaji fedha. Mwaka 1983 alikuwa amewalaumu wanaanthropolojia wenzake kwa kuzungumza na watu ana kwa ana, kisha kuwaandika kana kwamba wanaishi katika zama zilizopita. Hapa amejaribu kuliepuka kosa hilo.

Hata hivyo, dosari ipo. Masimulizi ya Tshibumba yamechapwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimebaki katika maneno machache yanayojadiliwa kwenye sehemu ya pili ya kitabu. Msomaji wa Lubumbashi hulipokea neno la jirani yake kupitia lugha ya mbali. Ni haki kusema kwamba mwaka 1998 Fabian aliyaweka mazungumzo hayo kwenye intaneti kwa Kiswahili chake cha asili. Basi Kiswahili hicho kipo, ila sisi hatukukitafuta.

Wala sina haki ya kumlaumu Fabian peke yake. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu insha ya kueleza picha iliyokuwa nyumbani kwao. Kijana mmoja aliyekulia Lubumbashi alieleza picha ya gereza la wakati wa Wabelgiji: askari anampiga mfungwa viboko, na Mzungu amesimama akitazama. Aliandika kwamba baba yake aliinunua ili watoto wasisahau. Nilipiga mstari mwekundu chini ya kila "batu" na kila "bintu", nikampa alama tatu katika kumi. Juu ya picha sikuandika hata neno moja. Niliposoma kitabu hiki ndipo nilipotambua kwamba mtoto yule alikuwa ameniletea ukumbusho, nami nikamrudishia sarufi.

Je, nasema tuache Kiswahili sanifu? La hasha! Ndicho kinachotuunganisha kutoka nchi hadi nchi, na mwanafunzi asiyekijua hudhulumiwa katika mtihani. Nisemalo ni kwamba kusahihisha ni kazi moja na kusikiliza ni nyingine, na mwalimu analipwa kwa zote mbili. Anayefundisha kozi ya utangulizi na achukue picha moja tu ya Tshibumba, awasomee wanafunzi maelezo yake kwa Kiswahili kile kile alichokitamka, kisha awaulize mchoraji anadai nini na kwa ushahidi gani. Mwalimu wa lugha naye alinganishe "batu" na "watu" ubaoni bila kicheko.

Habari za Tshibumba zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajulikani alikoishia. Sauti yake imehifadhiwa kwa lugha tunayoifundisha. Itakuwa aibu kwetu iwapo wanafunzi wataendelea kuisikia katika madarasa ya wengine tu.